Kisu cha kukunja kikiharibika: tafuta chanzo kabla ya kutafuta wa kulaumiwa

Kisu cha kukunja kilichopita mikononi mwa watu watatu wanne kikiharibika, jumba bovu huangushiwa yule aliyekishika mwisho: aliyekiazima, fundi aliyekinoa juzi, au mnunuzi aliyefungua kifurushi asubuhi. Kwa sisi ambao visu hutufikia vikiwa vimeshazua ugomvi, somo la kwanza ni kwamba siku kisu kilipovunjika na siku kilipoanza kuvunjika mara nyingi ni siku mbili zilizo mbali. Ufa unaweza kukaa kwenye springi muda mrefu bila kuonekana, ukikua kidogo kidogo, halafu ukamaliziwa na mtu aliyekuwa anamenya chungwa. Huyo amemalizia tu. Anayetaka haki, awe muuzaji au mnunuzi, lazima atenganishe kilichoanzisha na kilichomalizia, na vyote viwili husomeka kwenye chuma mradi hakijachokonolewa.

Tatizo ni kwamba karibu kila mara kinachokonolewa. Mwenyewe anakiosha kwa sabuni, anakipiga msasa, anakaza skrubu, anapitisha makali kwenye kinoo ili kipendeze kabla ya kumwonyesha mtu. Kwa dakika tano amefuta karibu kila kitu ambacho kingemtetea. Kisu chenye mgogoro kiache kama kilivyo. Kiweke juu ya karatasi nyeupe, ukipige picha kikiwa kimefungwa kisha kikiwa wazi: pande zote mbili, mgongoni, na ndani ya mpini ukimulika tochi kwa ubavu ili mikwaruzo itupe kivuli. Kikung'ute taratibu juu ya karatasi uone kinachodondoka: mchanga, nyuzi za mfukoni, ungaunga wa kutu, au kile kipande cha ncha ambacho kila mtu anasema hakijui kilipo. Na kama kuna vipande viwili vilivyoachana, usivigusanishe kuona kama vinaingiana. Mkono hutamani sana kufanya hivyo, lakini nyuso za mvunjiko zikisuguana mara moja tu, vilele vyake vinasagika na alama zinapotea. Kila kipande kikae kwenye karatasi yake, kikavu.

Springi ya mgongoni ndiyo sehemu inayosema waziwazi kuliko zote. Kwenye visu visivyo na loki, yaani kizuizi kinachoushika ubapa usijifunge wenyewe, springi hii ya bapa ndiyo inayobana shina la ubapa, yaani ile sehemu nene iliyofichwa ndani ya mpini, na kila unapofungua au kufunga kisu inapinda na kurudi. Ikikatika, hukatika karibu na katikati, kwenye tundu la pini au pale ilipo nyembamba. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, uelekeze uso wa mvunjiko kwenye mwanga, na uugeuzegeuze polepole.

Mara nyingi utaona maeneo mawili. Moja ni laini na lenye rangi ya giza, na juu yake kuna mistari ya upinde iliyofuatana, kama alama ambazo maji huacha mchangani bahari inapokupwa. La pili ni la kijivu linalong'aa, limekwaruza, halina mpangilio. Eneo la giza ni ufa wa zamani: ulikuwa umeshafunguka, unyevu na mafuta vikaingia, ukasogea mbele kidogo kila kisu kilipofunguliwa. Eneo linalong'aa ni kile kipande kilichobaki kimeshika peke yake hadi siku ya mwisho. Giza likichukua nusu ya uso au zaidi, hakuna namna aliyekishika mwisho akawa ndiye chanzo. Springi ilikuwa inaning'inia kwa kilichobaki. Kisha fuata ile mistari ya upinde kurudi nyuma, mahali inapokusanyika. Hapo ndipo ufa ulipozaliwa. Ukikuta kitundu cha kutu, sababu ni utunzaji. Ukikuta mkwaruzo wa tupa uliokatisha springi kwa upana, sababu ni mtu aliyeitengeneza au aliyewahi kuikarabati, maana springi inapaswa kumaliziwa kwa kusugua kuelekea urefu wake, kamwe si kwa kuikatisha.

Uso wote ukiwa wa kijivu kinachong'aa bila eneo la giza, springi imekatika kwa mkupuo mmoja. Hapo jaribu ugumu kwa ncha ya tupa ndogo kwenye upande usioonekana. Springi huachwa laini kuliko ubapa, takriban 45 hadi 50 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, wakati ubapa mwingi uko kati ya 56 na 62. Tupa ikiteleza juu ya springi kama juu ya kioo, iliachwa ngumu mno tangu ilipotengenezwa. Tahadhari moja: kama vipande vilikaa na maji baada ya kukatika, kutu itafunika uso mzima na mpaka kati ya ufa wa zamani na mpya hautaonekana. Kwenye hali hiyo usimhukumu mtu.

Ncha iliyokatika ndiyo inayozua maneno mengi, na madai huwa matatu: kilidondoka, kilivunjikia njiani, au mtu alikitumia kama mtaimbo. La njiani lijibiwe kwanza kwa sababu ni rahisi. Kisu kilichofungwa kinaficha ncha yake ndani ya mpini. Kikirushwarushwa kwenye kifurushi kinaweza kupasuka mpini, kupinda klipu au kulegea skrubu, lakini ncha haina cha kugongana nacho. Labda kiwe kimelegea kiasi cha kujifungua chenyewe, na ikiwa ni hivyo kifungashio kitakuwa kimetobolewa au kuchanwa, na kipande kitakuwa humo humo. Hakuna tundu wala kipande? Ncha iliondoka kabla ya kufungashwa.

Kati ya kudondoka na mtaimbo, tazama umbo. Kisu kikidondoka wazi juu ya sakafu ngumu, ncha mara nyingi hujikunja kama ndoano au hubonyea, na kinachopotea ni milimita 1 au 2. Mtu akiichomeka mahali na kuibinua kwa ubavu, inakatikia nyuma zaidi, ambako ubapa umeshaanza kunenepa, na mvunjiko unaacha alama ya mwelekeo: upande uliovutwa unakatika safi, upande uliobanwa unabaki na mdomo mdogo uliochomoza. Pitisha ukucha pande zote mbili. Ule unaoukwaa ndio upande ambao ncha ilikuwa inapindia. Ukikuta mdomo huo na zaidi ya milimita 4 au 5 zimekwenda, mtu aliutumia ubapa kufungulia kitu. Dai la kudondoka halielezi hiyo sura.

Lakini usiishie hapo. Tazama chembe za chuma kwenye mvunjiko. Chuma kilichochomwa na kupozwa ipasavyo huvunjika kwa uso wa kijivu, laini, kama unga uliochekechwa vizuri. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, ubapa ulipitishwa joto kupita kiasi wakati wa kukazwa (kufanywa kigumu kwa moto) kiwandani na chembe zake zikavimba. Chuma cha namna hiyo ni cha kuvunjika kama bisikuti, na kazi ambayo kisu kizima kingeihimili inaweza kuikata ncha yake. Hapa wote wawili wana sehemu: mtumiaji aliibinua, mtengenezaji aliitoa dhaifu. Tunaandika yote mawili.

Kuna pia ncha iliyokatika zamani na kuchongwa upya, kisha kisu kikauzwa kama kizima. Ncha hiyo utaigundua kwa mgongo wa ubapa: mstari wake unateremka vizuri halafu unakatika ghafla karibu na mwisho, na mikwaruzo ya hapo inaelekea upande tofauti na mikwaruzo ya kiwandani. Kifunge. Ncha ikiishia kabla ya kufika mwisho wa nafasi iliyoachwa kwa ajili yake ndani ya mpini, urefu umepungua.

Tukija kwenye makali, neno "mapengo" linatumika kwa vitu vitatu visivyofanana. Kuna makali yaliyolala upande: chuma hakijapotea, kimepinda tu. Vuta pamba kutoka mgongoni kuelekea makali pande zote mbili. Itanasa upande mmoja. Kuna pengo lenye kingo za mmomonyoko, ambalo ni chuma kilichovunjika. Na kuna kibonyeo cha mviringo, laini ndani, ambacho ni alama ya kugonga chuma kingine. Makali yaliyolala yanaonyesha chuma laini au makali membamba kuliko kazi yake. Mmomonyoko unaonyesha chuma kigumu kilichokutana na mfupa, waya au mchanga, au makali yaliyonolewa kwa pembe ndogo mno. Kisu kilichotoka na nyuzi 20 kila upande kikishushwa hadi 12 kitakata vizuri ajabu na kitamomonyoka kwenye kazi ileile kilichoizoea. Paka makali wino wa kalamu nzito, yapitishe kwenye kinoo mara moja kwa pembe inayodaiwa kuwa ya kiwandani, utaona wino umetoka wapi. Kama umetoka begani tu, pale mteremko wa makali unapoanzia kwenye ubapa, na ukingoni umebaki, pembe iliyopo ni kubwa kuliko inayosemwa. Ukitoka ukingoni peke yake, pembe ilipunguzwa na aliyenoa.

Kibonyeo cha mviringo kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kimewakosanisha watu bila sababu. Kisu kidogo cha springi kinarudishwa mara ya pili kwa fundi: kuna kibonyeo kimoja, karibu katikati ya makali, upana kama wa mbegu ya ufuta. Fundi amekiondoa kwa kunoa, baada ya wiki kimerudi mahali palepale. Mwenye kisu anasema fundi kaharibu chuma, fundi anasema mwenye kisu anakata waya. Wote wamekosea. Kata ukanda wa karatasi nyembamba, uulaze juu ya springi ndani ya mpini, ufunge kisu kwa kukiachia kijifunge kwa nguvu yake, kisha ukifungue. Karatasi imekatwa. Kwa hiyo makali yanaipiga springi kila kisu kinapofungwa. Kinachopaswa kuyazuia ni kisigino, ile nundu ndogo isiyo na makali mwanzoni mwa ubapa, ambayo hutua juu ya springi na kuyaacha makali yakielea. Kisigino kikichakaa, au mtu akikinoa pamoja na makali kwa kutojua, ubapa unazama ndani zaidi. Hata kisigino kikiwa kizima, springi yenye nguvu ikiufyatua ubapa kwa kasi unaweza kupitiliza kidogo na kugusa. Dawa si kunoa tena na tena. Shusha makali kidogo mahali pale yasifike, au fundi ashushe kinundu cha springi kinachogongwa, na wakati huohuo kisu kifungwe kwa mikono miwili bila kuachiwa kijipige.

Kuhusu fundi aliyetumia jiwe la umeme, lawama huwa na msingi mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri. Chuma cha kaboni kilichokazwa hupunguzwa ugumu wake kidogo kiwandani kwa joto la takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Rangi ya majani makavu kwenye makali inamaanisha yamefika kiasi cha 220, zambarau 280, buluu karibu 300. Makali yaliyofika buluu yamekuwa laini, na kuiondoa rangi kwa msasa hakurudishi ugumu. Kwa chuma kisichoshika kutu rangi hizi hutokea kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo buluu hapo ni ushahidi mzito zaidi. Rangi ikiwa imeshasuguliwa, linganisha: tupa laini ikiteleza karibu na kisigino na ikauma kwenye ncha, ambako ni kwembamba na joto hukusanyika, ubapa ulichomwa. Ila makali ya kiwandani nayo huchomwa, kwenye mikanda mikavu, ingawa ni utando mwembamba tu. Kisu kipya kinachomomonyoka au kulala kwenye mnoo wake wa kwanza na kutulia baada ya kunolewa kwa mkono mara mbili tatu hakikuwa na chuma kibaya. Asiyejua hili hurudisha kisu kizuri.

Kulegea ni sura nyingine. "Kaza skrubu tu" ni jibu la nusu ya matatizo. Kamata mpini kwa nguvu, sukuma ubapa kushoto na kulia: ukicheza, ni skrubu ya mhimili au washa zake (pete bapa zilizo kati ya ubapa na mpini), na kuikaza kwa moja ya nane ya mzunguko mara nyingi kunatosha. Sasa sukuma juu na chini kisu kikiwa wazi na loki imekaa. Ukicheza hapa, hakuna skrubu itakayoponya. Kwanza angalia kama kuna uchafu ulioshindiliwa kwenye kikato ambamo loki hukaa. Nyuzi za mfukoni tu zinatosha kuizuia isikae. Kwenye loki za mgongoni, mchezo mdogo wa juu na chini ni wa kawaida hata kisu kikiwa kipya, kwa hiyo usiupe uzito wa kasoro. Kwenye loki ya bamba, ambayo bamba la chuma ndani ya mpini huja kulikingama shina, tazama bamba limefika wapi kwenye uso wa shina. Likiwa limekamata robo hadi nusu ya unene, lina maisha. Likiwa limevuka hadi kugusa upande wa pili, limekwisha, na hilo halitokei kwa mnunuzi ndani ya wiki moja ya matumizi ya kawaida.

Kuna njia mbili, hata hivyo, za kuliharibu haraka. Ya kwanza ni kukifyatua kisu wazi kwa kukirusha mkono, mamia ya mara, kama mchezo. Shina linaipiga pini ya kizuizi na kuibonyeza. Fungua kisu, toa pini hiyo, uiviringishe chini ya lenzi: kibonyeo kimoja bapa upande uliopigwa kinatosha kueleza. (Kwa pini nyingi zisizobanwa mahali pake, kuizungusha ili upande mzima uelekee shina kunarudisha uimara. Ukarabati wa bure kabisa.) Ya pili ni kugongesha mgongo wa ubapa mezani "kujaribu loki". Jaribio hilo lenyewe linapondaponda uso wa loki, na mnunuzi anayelifanya siku ya kwanza kisha akalalamika juu ya loki ameharibu mali aliyokuwa anaikagua. Jaribu loki kwa kuubana mgongo polepole kwa kiganja, vidole vikiwa nje ya njia ya makali.

Ubapa unaosugua upande mmoja wa mpini nao hutafsiriwa vibaya. Tazama kutoka mgongoni, ukiinamisha kisu kuelekea mwanga. Ukiwa umenyooka kuanzia shina hadi ncha lakini wote umeelemea upande mmoja, tatizo liko kwenye mhimili: washa imewekwa upande usio wake, au skrubu imekazwa kupita kiasi. Ukinyooka hadi mahali fulani halafu ukageuka, umepindwa, na tunarudi kwenye mtaimbo.

Na kama muuzaji anaapa kwamba kisu hakijawahi kufunguliwa, tazama vichwa vya skrubu. Vingi ni vya nyota ya pembe sita, saizi ya T6 au T8, na bisibisi isiyotosha huacha kingo zilizoliwa na mng'ao mpya ndani ya tundu. Gundi ya skrubu, inayozizuia zisilegee, nayo hushuhudia: ya kiwandani hubaki ndani ya nyuzi kama ungaunga mkavu, na ya mikono ya pili mara nyingi imefurika hadi kwenye washa, ambako hufanya kisu kifunguke kwa kukwama. Skrubu ikigoma, iguse kichwani na pasi ya kuchomelea risasi kwa sekunde 20 hivi kabla ya kulazimisha. Gundi hii ya aina nyekundu ni ngumu zaidi na huhitaji joto la kama nyuzi 250. Mwombe aliyefungua akueleze alitumia gundi gani, hasa kama mpini ni wa plastiki: gundi hizi hupasua baadhi ya plastiki, na nyufa nyembamba zinazotawanyika kutoka kwenye tundu la skrubu kama miale ni kazi yake, si ya kudondoka. Ufa wa kudondoka huanzia ukingoni au pembeni na una alama ya kipigo. Kwa mpini wa mbao au pembe, ufa unaofuata nyuzi za mbao kutoka pini moja kwenda nyingine ni wa kukauka.

Kutu ndiyo inayotupa taabu, kwa sababu watu hutaka itaje tarehe. Haitaji. Utando wa rangi ya machungwa unaweza kuota usiku mmoja kwenye chuma cha kaboni kilicholoa, na hiyo hufutika kwa kitambaa na mafuta. Madoa ya kijivu na buluu yaliyoachwa na ndimu au kitunguu si kutu wala si uharibifu. Vitundu vyeusi vinavyobaki baada ya kusugua ni habari nyingine: vimechukua muda, au vimekutana na chumvi au dawa ya klorini, ambayo hukitoboa hata chuma kisichoshika kutu. Tazama vilipo. Vikiwa chini ya washa na kuzunguka mhimili, kisu kililowa na kufungwa bila kukaushwa. Vikiwa upande mmoja tu wa ubapa, upande huo ndio uliokaa na unyevu. Mstari wa kahawia unaotiririka kutoka kwenye mhimili wa kisu kinachong'aa kwingine kote unaonyesha kimesafishwa nje bila kufunguliwa.

Kwa visu vinavyouzwa au kuazimwa, ubishi mwingi huu huzuilika kwa karatasi moja inayoandikwa kabla ya kukabidhiana: urefu wa ubapa kutoka mwisho wa mpini hadi ncha kwa milimita, mahali bamba la loki linapokaa, mchezo wa ubavuni na wa juu na chini ukitajwa kila mmoja peke yake, picha ya makali dhidi ya mwanga, na picha ya vichwa vya skrubu. Kinachotazamwa na wote wawili kabla hakitafutwi kwa lenzi baadaye. Na pale ambapo mvunjiko umeshasuguliwa, kutu imeshafunika, au vipande vimepotea, andika kwamba chanzo hakikupatikana, usaini, umrudishie mwenyewe kisu chake.